Je, Wajua? Sakafu ya Gereji na Siri ya Ganda la Korosho

Nanganga, kusini mwa Tanzania, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mnazi Mmoja hupita hapo ikielekea Ndanda na Masasi, na nyingine huchepuka kwenda Ruangwa. Penye njia panda hapakosi malori, na penye malori hapakosi gereji. Sasa ingia kwenye gereji yoyote ya aina hiyo, iwe Nanganga, Masasi au Newala, utazame chini. Utaona mabaka meusi ya oili na vumbi la saruji ambalo halimaliziki hata ufagie mara tatu kwa siku. Pembeni kuna vipande vya rangi vilivyobanduka kama ngozi ya nyoka, ukumbusho wa kopo lililonunuliwa mwaka jana.

Rangi ile ilikosea wapi? Mara nyingi haikukosea. Iliyokosea ni sakafu iliyo chini yake, au ni mkono ulioharakisha. Haya hapa mambo machache ambayo fundi na mwenye gari wangependa kuyajua kabla ya kufungua kopo jingine.

Zege hunywa maji

Zege huonekana gumu kama jiwe, lakini ndani limejaa vinyweleo vyembamba vilivyoachwa na maji yaliyokorogewa. Ndiyo maana oili ikimwagika huzama, na unyevu wa ardhini hupanda juu. Rangi ya sakafu hushika kwa kupenya kwenye vinyweleo hivyo na kugandia humo, mithili ya mizizi. Vikiwa vimezibwa, haina pa kushika.

Kipimo chake ni cha bure. Dondosha matone ya maji sehemu kadhaa za sakafu. Yakizama upesi na kuacha doa la kiza, sakafu iko tayari kupokea. Yakikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kuna oili, nta au ngozi laini ya saruji inayozuia. Pale penye oili, mwaga majivu au pumba za mbao zifyonze, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni kali, suuza, na urudie kipimo. Usipake juu ya doa kwa matumaini.

Niru inayong'aa ndiyo inayoangusha rangi

Fundi mwashi hujivunia niru: saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko hadi uso wa sakafu ung'ae. Sebuleni inapendeza. Chini ya rangi ya gereji ni balaa, kwa sababu niru ni ngozi nyembamba na dhaifu. Rangi huishika niru vizuri kabisa, lakini niru hailishiki zege vya kutosha. Gari likizungusha tairi, vyote viwili hung'oka pamoja.

Okota kipande cha rangi iliyobanduka ukigeuze. Ukikuta unga wa kijivu umeganda nyuma yake, rangi ilifanya kazi yake na uso wa sakafu ndio uliovunjika. Ukikuta nyuma ni safi na laini, sakafu ilikuwa na mafuta, vumbi au ulaini uliopita kiasi. Kipande kimoja cha rangi kinaweza kumaliza ubishi wa fundi na tajiri wake.

Zege halikauki, hukomaa

Wengi hudhani zege huwa gumu kwa sababu maji yametoka. Ni kinyume chake. Saruji huungana na maji na kuzaa fuwele ndogo zinazosokotana, na maji yakitoroka mapema kazi hiyo hukatika njiani. Ndiyo maana zege lililomwagwa ndani ya maji hugandia humo humo bila kukauka.

Juu ya uwanda wa Makonde, ambako kwa miaka mingi watu walifuata maji mbali chini ya mteremko, kumwagilia sakafu kwa siku saba kunaweza kuonekana ni ubadhirifu. Lakini zege lililonyimwa maji siku za mwanzo ndilo linalotoa vumbi maisha yake yote. Njia ya kubana matumizi ipo: tandika magunia makuukuu ya katani yaliyoloweshwa, funika juu kwa nailoni, na ndoo chache zitafanya kazi ya pipa. Baada ya hapo subiri. Kawaida ya mafundi wa rangi za sakafu ni siku 28 tangu kumwaga zege, na zaidi ya hapo kukiwa na mvua.

Kipande cha nailoni hufichua unyevu usiku mmoja

Kata nailoni inayopitisha mwanga, mraba wa sentimita 45 hivi kila upande. Ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, hewa isiingie, na uiache angalau saa 16. Ukiifunua ukakuta matone upande wa ndani, au zege limegeuka la kiza, unyevu unapanda kutoka ardhini. Rangi ya kawaida utakayopaka hapo itavimba malengelenge. Kinga ya kweli ilipaswa kutandikwa kabla ya kumwaga zege: nailoni nzito chini kabisa, juu ya kifusi. Kwa aliyekwisha kujenga bila nailoni hiyo, dawa ipo, na tutakutana nayo tukifika kwenye korosho.

Rangi ya mafuta juu ya zege hugeuka sabuni

Zege, hasa changa, lina chokaa na ukali wa magadi: kipimo chake cha ukali hupita 12, wakati maji safi ni 7. Mafuta yakikutana na ukali wa namna hiyo pamoja na unyevu, huzaliwa sabuni. Basi rangi ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya milango na mageti, ikipakwa sakafuni, huliwa kutoka chini. Hulainika, hunata, halafu hubanduka.

Ajabu ni kwamba mabaharia wa pwani yetu waliutumia mchanganyiko huo huo kwa faida. Deheni, ile dawa iliyopakwa chini ya majahazi, ilikuwa chokaa na mafuta ya wanyama vilivyopondwa pamoja. Iliziba mbao na kuzikinga na wadudu wa baharini watobozi. Usione vyaelea, vimeundwa. Chokaa na mafuta vilikuwa rafiki wa chombo, na ni hao hao wanaoiangusha rangi ya gereji.

Asidi ya betri haisafishi sakafu

Ili kuikwaruza niru na kufungua vinyweleo, wengine hutumia asidi. Inayotakiwa ni ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ambayo hula chokaa na kuacha chumvi inayoyeyuka na kusuuzika. Asidi ya betri ni ya salfuriki. Hiyo ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, unga mweupe usioyeyuka kwa urahisi, ambao hubaki kwenye vinyweleo ukisubiri kuifukuza rangi. Jasi hiyo ndiyo jamaa ya ile inayochimbwa Kilwa na kuchanganywa kidogo kwenye saruji kiwandani ili isigande haraka mno.

Anayetumia asidi ashike kanuni moja: maji ndani ya ndoo kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya asidi huchemka na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani, fungua milango yote, na suuza mara nyingi. Lakini fundi mwenye grainda na diski ya almasi hana haja na asidi. Kusaga ni vumbi jingi, kunataka barakoa, ila huondoa niru, rangi kuukuu na oili ya juu kwa mpigo mmoja, na sakafu hubaki na ukwaru kama wa msasa.

Epoksi ilianzia kwenye meno ya bandia

Rangi ya sakafu inayosifiwa kuliko zote ni epoksi. Mmoja wa waliokuwa wa kwanza kuivumbua ni mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, katika miaka ya 1930. Hakuwa akiwaza magari. Alikuwa akitafuta kitu kinachofaa kutengenezea meno ya bandia, kisichosinyaa kinapoganda. Kampuni ya Ciba ilinunua haki ya uvumbuzi huo, na mwaka 1946 ikaleta sokoni gundi iliyoitwa Araldite, ile ya tyubu mbili inayojulikana mpaka madukani kwetu. Anayepaka epoksi kwenye sakafu, kwa maana hiyo, anapaka binamu wa gundi ile kwa rola.

Kuzidisha hadina ni kuharibu

Hapa ndipo mafundi wa bodi za magari hujikwaa. Puti ya bodi huja na hadina yake, yaani kigandishi, kwenye kityubu, na fundi mwenye haraka huongeza kidogo ili igande upesi. Kwa puti, hilo huwezekana, kwa sababu hadina yake ni kiwasho tu, kama njiti ya kiberiti kwenye kuni.

Hadina ya epoksi ni nusu ya ndoa. Kila chembe ya kopo la kwanza inahitaji mwenzake kutoka kopo la pili. Ukizidisha, chembe za hadina hubaki bila wenza, na sakafu hukaa laini na ya kunata. Ukipunguza, ni hivyo hivyo upande wa pili. Pima kama ilivyoandikwa, koroga dakika chache hadi kingo na kitako cha ndoo, kisha hamishia kwenye ndoo nyingine safi na ukoroge tena, maana kilichong'ang'ania kwenye ukuta wa ndoo ya kwanza huwa hakijachanganyika.

Ndoo ya epoksi inaweza kutoa moshi

Ndoa hiyo huzaa joto. Ikiwa imetandazwa sakafuni, joto hutawanyika. Ikiwa imerundikana ndooni, joto huharakisha mgando, mgando huzidisha joto, na mwisho ndoo hufuka moshi na kuyeyuka pembeni. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, mwendo wa mgando hukaribia kuwa maradufu. Mchanganyiko unaokupa dakika 40 kwenye nyuzi 25 hukupa takriban 20 kwenye nyuzi 35. Kwa hiyo koroga kidogo kidogo, na ukishamaliza kukoroga mwaga mara moja sakafuni kwa mistari, ndipo uvute kwa rola.

Mafuta yanayobabua vidole ndiyo yanayoshika sakafu

Sasa tufike kwenye mti ulio nyuma ya gereji. Mkorosho ni mgeni kutoka Brazili, ulioletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, ukazoea mchanga wa kusini kana kwamba ulizaliwa hapa. Kila aliyewahi kubangua korosho anayajua mafuta ya gandani: meusi, mazito, hubabua ngozi na kutia vidole weusi wa wiki nzima. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi.

Mafuta hayo yana asidi inayoitwa anakadiki. Yakichemshwa, asidi hiyo hutoa hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli. Wanakemia huichukua kadanoli, wakaiunganisha na fomaldehaidi na jamii ya kemikali ziitwazo amini, wakapata fenalkamini. Na fenalkamini ni nini? Ni hadina ya epoksi, na hadina ya sifa zake pekee. Chembe ya kadanoli ina mkia mrefu wenye asili ya mafuta, unaoyakataa maji. Kwa sababu hiyo epoksi yenye hadina hii huweza kuganda kwenye baridi, hushika hata zege lenye unyevunyevu, na huvumilia maji ya chumvi. Hupakwa kwenye meli na matangi, na hutumika kama tabaka la kwanza kwenye sakafu zinazosumbuliwa na unyevu. Hiyo ndiyo dawa niliyoiahidi kwenye habari ya nailoni. Ina rangi ya chai ya rangi, basi aghalabu huwekwa chini, na juu yake hupakwa tabaka lenye rangi uipendayo.

Piga hesabu ya gunia moja la kilo 80. Takriban asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, yaani kilo 56. Robo ya ganda, au zaidi kidogo, ni mafuta. Gunia moja, basi, limebeba zaidi ya kilo 10 za mali ghafi ya hadina.

Gari lililosimama sakafuni nalo lina korosho ndani yake

Mafuta hayo hayo yakigandishwa na kusagwa huwa unga unaochanganywa kwenye pedi za breki. Unga huo hutuliza msuguano na kuvumilia joto. Mmarekani Mortimer Harvey alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya kutumia mafuta ya ganda la korosho viwandani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na breki ni mojawapo ya matumizi yaliyodumu mpaka leo. Dereva anayeteremka na shehena ya korosho anaweza kuwa anafunga breki kwa unga wa maganda ya korosho.

Korosho ina binamu huko Japani

Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe, na pia na mti ambao utomvu wake ndio urushi, rangi inayong'arisha mabakuli ya kale ya Uchina na Japani. Utomvu huo nao huwasha na kubabua ngozi, na nao ukishaganda hustahimili maji na asidi. Jambo la kushangaza ni kwamba urushi haugandi kwa kuanikwa juani. Huhitaji hewa yenye unyevu, hivyo mafundi huweka vyombo kwenye kabati lenye unyevunyevu. Ukoo huu wa miti unaonekana umepatana na maji tangu zamani.

Lita moja kwa mita moja ni milimita moja

Usinunue rangi kwa ukubwa wa kopo. Lita moja ikimwagwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba huwa na unene wa milimita moja. Ikitandazwa kwenye mita nne huwa robo ya milimita, na kwenye mita nane huwa nusu ya hiyo. Kama nusu ya rangi ni maji yatakayoruka, unene nao hubaki nusu tena.

Chukua banda la gari moja, mita 3 kwa 6, yaani mita 18 za mraba. Epoksi isiyo na maji wala kiyeyusho, kwa unene wa robo milimita, itataka lita 4 na nusu. Ile ya maji ikipakwa lita moja kwa mita nane itaacha unene wa takriban sehemu 6 za milimita iliyogawanywa mara 100, unaokaribia unene wa unywele. Bei ya kopo la epoksi ya maji itaonekana nafuu mpaka ulinganishe kilichobaki sakafuni.

Tairi moto hung'oa rangi kwa kuivuta

Gari lililotoka Masasi mchana wa jua huingia na matairi yaliyopata moto na kupanuka kidogo. Likisimama, mpira hupoa na kusinyaa huku ukiwa umeikamata rangi, na mafuta ya kulainishia mpira hujipenyeza ndani yake. Rangi dhaifu hung'oka katika mabaka manne, yaliyo sawasawa na nafasi za magurudumu. Kinga ni uso uliosagwa vizuri na muda wa kukomaa: kukanyaga kwa miguu baada ya siku moja, lakini gari lisubiri wiki nzima. Kwa banda lisilo na kuta, kumbuka pia kwamba epoksi hugeuka manjano na kuota unga ikipigwa na jua. Juu yake pakwe tabaka la poliurethani.

Jioni hushinda asubuhi

Asubuhi jua linapopanda, zege hupata joto na hewa iliyo ndani ya vinyweleo hupanuka ikitafuta pa kutokea. Ikikuta rangi mbichi, hutoboa viputo. Alasiri joto linapoanza kushuka, hewa hurudi ndani na kuivuta rangi pamoja nayo. Lakini usichelewe hadi umande. Kanuni ni kwamba sakafu iwe na joto la juu kuliko kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3. Newala, mji ulio karibu na Shimo la Mungu ambako ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma, asubuhi huweza kuwa mbichi hata kiangazi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo bora, na mwisho wake ni heri ukamilishe kazi kabla malori ya korosho hayajaanza kupanga foleni.

Gereji ya malori huenda haihitaji rangi kabisa

Jeki ya chuma na spana nzito zikianguka huchubua epoksi yoyote. Kwa gereji ya namna hiyo ipo njia nyingine: sodiamu silikati, inayoitwa pia maji ya kioo. Humwagwa kwenye zege safi, ikapenya, ikakutana na chokaa iliyobaki na kutengeneza gundi ileile inayolishikilia zege lenyewe. Haiachi utando wa kubanduka. Vumbi hukoma na uso huwa mgumu, ingawa oili isipofutwa bado itaacha doa. Atakayechagua epoksi, anyunyize mchanga mweupe, mkavu na uliochekechwa, kabla haijaganda. Epoksi laini yenye tone la oili huteleza kama mgongo wa kambale.

Geuza kopo usome

Mwenye sakafu kavu na gari dogo, epoksi nene inamtosha. Mwenye sakafu inayopandisha unyevu amuulize muuzaji kama hadina ni fenalkamini. Neno hilo huwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Akilikuta, ajue amezunguka mbali na kurudi kwenye mkorosho wa nyuma ya gereji. Korosho nyingi za Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda lake hupanda meli pamoja nayo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua, vikiwamo vya Masasi na Newala, na vingi vilinyamaza baada ya muda mfupi. Kwa hiyo mkulima hulipwa kwa kiini, ganda likaondoka kama kifungashio tu.

Siku moja hadina huenda ikarudi Nanganga ndani ya kopo lenye maandishi ya kigeni, ikauzwa kwa bei ya dukani, na fundi atakayelifungua akaonywa na lebo avae glavu kwa sababu kilichomo hubabua ngozi. Bibi yake alijua hilo, ndiyo maana alijipaka majivu.